Mama Abby na Saa ya Buenosi

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Bi. Tryphena Mkamburi atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho na kutoka katika ofisi ya Ushirika wa Mboga Baridi, hapa Voi, baada ya kuutumikia kwa miaka thelathini na moja. Wengine hustaafu kimyakimya, ukaja kugundua wiki ya pili kwamba kiti kimepata mtu mwingine. Yeye ataondoka kwa shangwe, na tayari ameshatuambia ni kofia gani atakayoivaa siku hiyo, ili asitokee wa kushindana naye.

Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Austin Munyoki, mtunza stoo. Nilitoka kikaoni mara moja kwenda msalani, na niliporudi nikapongezwa kwa kuchaguliwa bila kupingwa. Nilijitetea kwamba sifa kubwa ya mstaafu wetu ni kompyuta, na kompyuta ya stoo, kwa miaka mingi, kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Kavinya wa mapokezi akasema hiyo si hoja, kwani hata wimbo wa kumsifu fahali hautungwi na fahali. Basi makosa yote ya humu ni yangu, na ushindi wote ni wa Mama Abby.

Ndivyo tunavyomwita, kwa jina la binti yake, ingawa wakulima wengine humwita Simu, kwa sababu sauti yake ya alto, ile anayoimbia kwaya, haihitaji simu ili ifike Wundanyi.

Alizaliwa Bura, akasoma palepale Bura, na mwaka 1995 akateremka Voi kuwa karani wetu mpiga chapa. Wakati huo ushirika ulikuwa chumba kimoja na nusu, na ile nusu tulikuwa tunagawana na fundi baiskeli. Kulikuwa na taipureta moja yenye herufi ya K iliyokataa kazi, hivi kwamba barua zetu zote za miaka hiyo zinahusu "abeji" na "aroti". Hadi leo wapo wazee wa Bura wanaoleta abeji kwa makusudi, wamtazame atacheka au la. Hucheka kila mara.

Kazi yake, kwa maneno machache, ilikuwa kulioanisha shamba na lori na sahani ya mgeni hotelini Mombasa. Mkulima anapiga simu kutoka mlimani: hoho ziko tayari, letasi iko tayari, njooni saa fulani. Mnunuzi wa hoteli naye anaandika: nataka mzigo mlangoni saa fulani. Katikati ya saa hizo mbili yupo Mama Abby, na lori, na joto la Voi. Mboga zenyewe hazina adabu ya kungoja. Ukizichelewesha zinalala chini kama mtoto aliyenyimwa peremende, na hakuna wa kuziinua.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wengi wetu tuliipokea kama mgeni mzito. Mimi ndiye niliyependekeza ifunikwe kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi, na ilikaa chini ya kitambaa hicho mwezi mzima, tukiipita kwa heshima. Mama Abby, aliyekuwa likizoni, alirudi, akakifunua, akatangaza kwamba hiyo ni taipureta tu, ila hii imekwenda shule. Unyenyekevu si kipaji chake, na sitampaka rangi asiyokuwa nayo. Jioni ile ile alikuwa ameandika barua yake ya kwanza ya kompyuta, ikiwa na kabeji ishirini, zote zenye K, bila sababu nyingine ila raha.

Vijidude alivipata kwa bahati. Alikuwa akitafuta namna ya kukuza maandishi, akabonyeza pasipo pake, na saa ya duara yenye mishale ikajitokeza pembeni mwa skrini. Mtu mwingine angeshtuka na kuifunga. Yeye aliipa kiti. Kesho yake akaongeza kalenda, kisha hali ya hewa, kisha vile vikaratasi vya rangi vya kubandika ujumbe, kisha kijidude cha kuhesabu dakika. Wataalamu wanaviita wijeti. Mama Abby alisema jina hilo linasikika kama dawa ya kikohozi, akaviita vijidude, na tangu hapo hakuna mtu katika ushirika huu anayeviita vingine, hata barua rasmi za bodi.

Falsafa yake ilikuwa fupi: usichokiona hakikuiti. Alieleza kwamba zamani kazi ya leo ilikuwa imelala ndani ya faili, faili ndani ya jalada, jalada ndani ya jalada jingine, kama maganda ya kitunguu, na mwisho wa kumenya ni machozi. Sasa ya leo yamekaa mbele ya macho yako, yanakutazama. Basi kila asubuhi, kabla hajatusalimia sisi, alivisalimia vijidude. Kama Wundanyi kuna ukungu, dereva aondoke mapema, maana kona za kule hazitaki mwendo. Kama Mombasa kuna joto kali, magunia ya kufunika spinachi yaloweshwe. Voi hakuiwekea kijidude. Alisema hali ya hewa ya Voi ukitaka kuijua fungua dirisha, vumbi litakueleza.

Hata chai ilikuwa na kijidude chake, kilicholia chai ikiiva. Kwa hicho peke yake mimi binafsi nina deni lisilolipika.

Sasa, ukweli usemwe, hakujua kiasi. Aliweka pia samaki waliokuwa wakiogelea upande wa chini wa skrini, akidai wanamtuliza anapozungumza na madereva. Akaweka paka aliyekimbiza mshale kila ulikokwenda. Mwishowe kompyuta ile ilipanda asubuhi kama lori la saruji linavyopanda mlima: unawasha, unakwenda kupiga mswaki, unarudi, bado inahema.

Lakini kijidude kilichomletea jina ni saa ya Buenosi, na hapo lazima niende polepole.

Biashara yetu inaishi ndani ya saa mbili. Mkulima wa Wundanyi akisema saa nne, ni saa nne ya Mungu, jua limepanda, umande umekauka. Mnunuzi wa hoteli akiandika 4, hiyo ni saa kumi ya alasiri. Kila Mkenya hubadilisha hizo saa kichwani bila hata kujua kwamba anabadilisha, mpaka siku ana simu mbili masikioni, mtu wa nyanya amesimama mbele yake, na Makau, dereva wetu, anapiga honi nje. Hapo ndipo saa nne inapogeuka kuwa nne isiyo na baba. Na kompyuta haikuwa ya msaada, kwa sababu ilijua saa moja tu, ya Kizungu.

Mama Abby akagundua kwamba kile kijidude cha saa kinakuruhusu kuchagua mji. Basi siku moja mchana, wakati sisi tunakula, yeye alizunguka dunia. Alianzia Accra, akaona mishale haimfai. Akapita Athens, akapita Bangkok, akapumzika kidogo Bogota. Alipofika Buenos Aires, huko Ajentina, mishale ikasimama kwenye saa saba na nusu, na tumbo lake nalo likisema ni saa saba na nusu. Tofauti ya saa sita kamili. Alipiga kigelegele hadi fundi baiskeli akaja kuuliza nani ameposwa.

Tangu siku ile skrini yake ilikuwa na saa mbili. Kushoto ya Nairobi, na chini yake akabandika vikaratasi vya hoteli. Kulia ya Buenos Aires, na chini yake vikaratasi vya wakulima na madereva. Hakuandika asubuhi wala jioni, tarakimu tu. Nne iliyo kushoto ni alasiri, nne iliyo kulia ni asubuhi. Ulihitaji tu kutazama imekaa chini ya saa ipi. Aliyebuni jambo hilo ni yeye, na hajawahi kutuacha tusahau.

Wasiojua walidhani mengine. Kwanza ilisemekana ana mchumba Ajentina. Kisha mkaguzi wa hesabu akauliza kwa upole zilipo nyaraka za mauzo ya nje. Kilele kilikuwa mkutano mkuu wa mwaka, pale Mzee Mwandawiro, wakati huo mjumbe wa Wundanyi na leo mwenyekiti wetu, aliposimama na kofia mkononi akataka kuelezwa: "Tangu lini kabeji zetu zinauzwa Buenosi? Na kama zinauzwa, mbona gari langu mimi bado ni miguu?" Ukumbi ulilipuka. Mama Abby alipanda jukwaani akaeleza jambo zima la saa, na Mzee, baada ya kufikiri, akauliza swali ambalo hadi leo hakuna aliyelijibu: "Kumbe watu wa huko nao wanahesabu saa kama sisi, na hakuna aliyetuambia?"

Ndivyo Buenosi ilivyoingia katika lugha ya ushirika. Makau, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni Mombasa, akipigiwa simu huuliza kwanza: "Saa nne ya Buenosi ama ya hoteli?"

Tulikuwa katika raha hiyo wakati mwaka 2024 ulipotubana. Mnunuzi wetu mkubwa, Bi. Daisy, wa hoteli moja ya pwani ambayo sitaitaja kwa sababu bado inatulisha, alikuwa amepokea mzigo uliochelewa mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza ni tairi, mara ya pili ni mvua. Akaandika kwa heshima kwamba ya tatu itakuwa ya mwisho. Bodi ikakaa. Ikaamua kwamba hoteli hiyo ikiondoka, hakutakuwa na maana ya kuwa na meza ya usafirishaji Voi. Kazi itakabidhiwa dalali wa Mombasa, na Mama Abby na Kavinya watapewa barua za shukrani. Barua ya shukrani hailipi karo. Abby alikuwa mwaka wa pili chuoni, na Kavinya alikuwa ndiyo kwanza amepanga nyumba. Basi mzigo wa Jumanne ile haukuwa mboga tu. Ilikuwa ni meza yenyewe imepakiwa kwenye kreti.

Na wiki hiyo hiyo ndipo alipotufikia Donald, afisa wetu mpya wa kompyuta. Nataka ieleweke mapema kwamba Donald ni mtu mwema, na kwamba bodi ndiyo iliyomwagiza aziharakishe mashine. Jumatatu alasiri, Mama Abby akiwa ameshatoka, Donald alifungua ile kompyuta, akakutana na samaki, paka, na saa ya Ajentina. Wewe ungefanyaje? Akaviondoa vyote. Vikaratasi hakuvitupa, kwa adabu yake. Alivipanga katika mstari mmoja mnyoofu, kwa mpangilio wa alfabeti, vikasimama kama wanafunzi gwarideni. Kompyuta ikawaka kabla hujakaa vizuri kitini. Aliifurahia sana kazi yake, na alikuwa na haki.

Asubuhi ya Jumanne Mama Abby hakuja ofisini. Alipanda moja kwa moja Wundanyi kufungua semina ya wanachama. Kavinya akakaa mezani pake. Akasoma: Daisy 4. Wundanyi 4. Saa iliyobaki kwenye skrini ilikuwa moja, ya Kizungu. Kavinya akapiga hesabu: lori haliwezi kupakia Wundanyi na kupakua Mombasa kwa wakati mmoja, kwa hiyo Wundanyi ni leo saa kumi alasiri, na Daisy ni kesho saa kumi alfajiri, kwani mahoteli hupenda mboga za mapema. Hesabu safi kabisa. Alinieleza nikiwa na kikombe changu mkononi, nami nikamwambia angefaa kuwa hakimu. Makau akaambiwa yuko huru hadi saa kumi, akaenda zake kwa kinyozi.

Kule Wundanyi semina ikafika mapumziko ya chai. Mama Abby akatoka nje ya ukumbi, akaona kreti za letasi, hoho na spinachi zimepangwa kibandani kama zilivyotakiwa kupangwa, wakulima wamekaa juu ya ukuta, na lori halipo. Mzee Mwandawiro alikuwa akiipepea spinachi kwa kofia. "Mama Abby," akamwambia, "hii ikikaa hapa kidogo tu, itakuwa ya jana."

Alipiga simu ofisini. Sauti yake tuliisikia sote bila Kavinya kugusa spika.

"Kavinya mwanangu, Wundanyi iko chini ya saa gani?"

"Saa gani tena, Mama? Saa ni moja tu."

"Na Buenosi je?"

"Buenosi ilifutwa jana."

Hapo pakawa na kimya. Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kusikia kimya kutoka upande ule. Kavinya alikuwa amekaa, akasimama. Donald aliyekuwa mlangoni, akitutazama mmoja mmoja, akauliza Buenosi ni nini hasa, na Kavinya akamweleza kwa sentensi moja huku machozi yakimlengalenga. Sijaona mtu akielewa jambo haraka hivyo.

Mama Abby hakulaumu mtu. Hilo naliandika kwa wino mzito. Kimya kilipokwisha alianza kugawa kazi kama anayegawa uji. Makau atafutwe. Lori lisipande mlima, litapoteza muda. Yeye atateremsha mzigo kwa pikapu za wakulima, wakutane Mwatate. Mtunza stoo aje Mwatate na mizani, mzigo upimwe barabarani. Donald arudishe vijidude vyake, na Kavinya asiondoke mezani.

Donald alimfuata Makau mbio kwa miguu, na viatu vyake vile vya kung'aa. Alimkuta kwenye kiti cha kinyozi, upande wa kushoto umenyolewa, upande wa kulia bado msitu. Makau alitaka dakika mbili tu. Donald akamwambia hazipo. Basi akatoka vile vile, taulo shingoni, kichwa nusu mchana nusu usiku, na tukaondoka, mimi nimepakata mizani kama mtoto mchanga.

Mwatate tulizikuta pikapu tatu zimetangulia. Wakulima walisimama mstari, kreti zikapita mkono kwa mkono, na mimi nikapima kando ya barabara huku wapita njia wakiniuliza nauza nini na ni pesa ngapi. Mama Abby alisimamia yote, kofia imeegemea sikio, akiimba hesabu kwa alto yake. Kreti ya mwisho ilipoingia alipanda mbele, penye kiti changu, akafunga mlango, lori likaondoka. Nilibaki Mwatate na mizani yangu, mchuuzi asiye na bidhaa. Nilirudi Voi nyuma ya pikapu ya mbuzi, na mbuzi hao walinitazama njia nzima kama wanaojua habari zangu.

Ofisini Donald alikuwa amerudisha saa zote mbili. Kisha, kwa hiari yake, akaongeza kijidude cha kuhesabu muda kurudi nyuma hadi saa kumi alasiri, kikubwa, cha rangi nyekundu, katikati ya skrini. Kavinya alikuwa akimsomea Mama Abby kwenye simu kila lori lilipopita mji. Kijidude cha Mombasa kilionyesha joto la kuyeyusha mshumaa, basi lori lilipopita Voi, mimi nikiwa bado njiani na mbuzi, wenzangu walikuwa wameshalowesha magunia, wakayatupia juu bila injini kuzimwa. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kufanya. Nilipofika, mimi na Donald tulikaa tukitazama tarakimu zikipungua. Chai ililia, hakuna aliyeiendea. Nataja hilo ili msomaji ajue ukubwa wa jambo.

Yaliyotokea mlangoni mwa hoteli Makau huyasimulia kila ajapo stoo, na kila mara lango linazidi kufungwa. Ninavyoamini mimi, Bi. Daisy alikuwa amesimama kwenye lango la nyuma akitazama saa yake ya mkononi, na bawabu ameshika komeo. Mama Abby aliteremka kabla lori halijatulia. Hakujitetea. Alifunua gunia la kwanza, akachomoa letasi, akampa. Bi. Daisy alivunja jani. Lilivunjika kwa mlio, lile kah! la jani lisilojua kwamba limesafiri.

"Mmefika kwa wakati," akasema. Kisha macho yake yakapanda hadi kwenye kichwa cha Makau. "Sasa nielezeni huyu dereva amepatwa na nini."

Wakamweleza kisa chote: paka, samaki, alfabeti, nne mbili, Buenosi. Inasemekana alicheka hadi akaegemea kreti. Halafu akasema jambo lililotushangaza: kwamba jikoni kwake nako wapishi wanasema saa za Kiswahili na mameneja wanasema za Kizungu, na kwamba wiki ile ile keki ya harusi ilikuwa imeiva alasiri kwa ajili ya sherehe ya asubuhi. Akamwomba Mama Abby aingie ofisini kwake dakika moja. Dakika hiyo ikawa saa nzima. Alipotoka, kulikuwa na saa ya Buenosi kwenye kompyuta ya mapokezi ya mizigo, na ahadi ya mkataba wa mwaka mzima.

Mkataba huo umeshafanywa upya tangu hapo, na Bi. Daisy ametuletea hoteli nyingine mbili, zote zikiuliza kwa simu kama sisi ndio wale watu wa Ajentina. Meza ya usafirishaji haikuhama. Badala yake imeongezwa meza ya pili. Abby alihitimu Desemba iliyopita, na picha yake ya joho ndiyo iliyokuwa kijidude kipya kwenye skrini ya mama yake, ikibadilika kila dakika kumi ili tuione kutoka pembe zote.

Amani kati yake na Donald iliandikwa wiki ile ile. Mama Abby alikubali kuwaachia samaki na paka, kwa ajili ya afya ya mashine. Donald naye akaweka saa mbili kwenye kila kompyuta ya ushirika, pamoja na ya stoo, ambayo ilibidi kwanza iondolewe mlangoni na kufutwa vumbi. Alitaka kubadilisha jina chini ya ile ya kulia, iandikwe "Saa ya Kiswahili", apate kuelewa hata mgeni. Mama Abby akakataa. Alisema Buenosi ilituvusha ikiitwa hivyo, na haibatizwi upya ukubwani.

Tangu hapo wamekuwa wakifundisha pamoja, yeye na Donald, makarani wa vyama vya jirani, kuanzia Bura hadi kwa wafugaji wa Ndara. Somo lao ni kijidude kimoja kwa kazi moja, na kisicho na kazi kiende zake. Donald hufundisha namna ya kuviweka. Mama Abby hufundisha namna ya kuvitazama, kisha husimulia kisa cha Jumanne ile, na katika usimulizi huo mizani yangu imeshaachwa Mwatate, Maungu, na mara moja hata Mackinnon Road. Nimeacha kusahihisha.

Mwezi Juni alibandika kijidude cha kuhesabu siku zake zilizobaki kazini. Alikibandika kwa majigambo, kila asubuhi akitusomea. Mwezi huu wa Agosti ameacha kukisoma kwa sauti. Tumeliona, Mama Abby, hata kama hukutaka tulione.

Anarudi Bura, kwenye shamba lililo juu ya misheni, ambako likizo yake ya mwisho aliitumia kupanda sukumawiki. Kwa hiyo yule aliyepokea simu za wakulima kwa miaka yote hii atakuwa mkulima anayepiga, na Kavinya, aliyerithi meza, ndiye atakayepokea. Sote tunamwombea Kavinya na masikio yake.

Nasi hatukukaa bure. Jumatano asubuhi, bila kumwambia, Donald ameongeza kijidude kipya kwenye kila skrini ya ushirika huu: hali ya hewa ya Bura. Kila siku, kabla ya kusalimiana, tutajua kama umeamkia ukungu au jua, na kama ni ukungu tutajua unalalamika. Na Kavinya ameshabandika kikaratasi cha kwanza cha Jumatatu, tarehe 31. Amekibandika kulia, chini ya Buenosi. Kimeandikwa hivi: Mama Abby, sukuma, 3.

Asante, Mama Abby, kwa abeji na kabeji, kwa chai iliyolia, kwa kimya kile kimoja na kwa yote uliyoyasema baada yake. Wakulima wa mlimani, madereva, bodi, Bi. Daisy na nusu ya kichwa cha Makau wanakushukuru. Ustaafu wako uwe mwema, mrefu, wenye mvua ya kiasi. Jumatatu Makau atakuwa mlangoni kwako saa tatu, amenyolewa pande zote mbili. Saa tatu ipi, hatuna haja ya kukuandikia.